Kibarango cha Begani

Mume wangu alikuwa mtu wa kujipenda. Sisemi hivyo kumsengenya, mwenyewe alijua. Shati lake la kwendea kanisani alilipiga pasi kwa mkono wake, pasi ya makaa, kwa kuwa mimi hakuniamini. Basi kibarango kilipomtokea begani, kuwashwa hakukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni aibu.

"Mama batoto, angalia muzuri," aliniambia siku ile, amenigeuzia mgongo mlangoni palipokuwa na mwanga. "Ni jasho ao ni kitu ingine?"

"Ni kibarango," nikamjibu. "Sawa ile ya batoto ya masomo. Tutakunyoa kichwa."

Alinuna mpaka wakati wa chakula. Mimi nilicheka, na mama yake alicheka pia, kwani wakati ule kibarango kilikuwa bado kitu cha kuchekwa.

Kilikotoka tulikujua wote. Mume wangu alikuwa mvuta wavu pale Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mtumbwi huenda kumwaga wavu mbali, halafu wanaume hujipanga nchi kavu katika kamba mbili na kuuvuta. Kamba yenyewe ni nene, imelowa, imejaa mchanga, nawe huiweka begani ukainama na kwenda. Ili isikule ngozi, mwenye wavu alikuwa na vipande vya gunia vya kutandika begani. Vipande vile havikuwa vya mtu, vilikuwa vya nafasi kwenye kamba. Leo umekaa nafasi ya mbele, unavaa kile. Kesho anakaa mwingine, anakivaa hichohicho, kibichi, kina jasho lako. Hakuna aliyewahi kukifua. Kibarango kikatembea kutoka bega hadi bega mpaka kikaimaliza kamba nzima. Waliovuta upande wa mto walikuwa nacho bega la kuume, wale wa upande wa pili bega la kushoto. Wenyewe wakakiita medali, na mgeni aliyekuja kuvuta bila medali alitaniwa kwamba bado ni mtoto.

Ndipo askari wakaanza kutazama mabega.

Vita vya kwanza vilitupita tu, vikaenda zake. Vya pili vilikuja kukaa. Mjini Baraka walikuwa askari wa waasi, milimani na sehemu kubwa ya rasi ya Ubwari walikuwa Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, na sisi wa katikati tulikuwa tukiulizwa na kila upande kwa nini tumetoka upande mwingine. Habari za mauaji ya Makobola zilikuwa zimetufikia, na tangu zilipofika hakuna mwanamke mtaani kwetu aliyelala akiwa amevua kitenge. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Fizi kwa miguu, akakaa nasi na watoto wetu chumba kimoja. Mtumbwi ukifika, askari walikuwa wakiwavua wanaume mashati. Walisema mtu wa msituni anajulikana kwa mwili wake: mkanda wa bunduki unaacha alama begani.

Jirani yetu alikuwa akivuta kamba moja na mume wangu, nafasi ya mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akisalimia mpaka kuku. Siku moja alivuka kwenda Ubwari kuchukua mihogo kwa wakwe zake, na aliporudi mimi nilikuwa pale ufukweni nikianika ndakala, dagaa wa ziwa letu. Niliona kila kitu. Waliwapanga mstari, mashati chini. Askari mmoja mwembamba, ambaye daima alivaa taulo dogo shingoni, akapita akitazama. Kwa jirani akasimama. Akaweka kidole gumba juu ya kibarango chake, akakisugua taratibu, kama mtu anayejaribu kitambaa sokoni.

"Hii ni nini?"

"Ni kibarango, shefu. Ni ya kamba ya wavu."

Askari aliendelea kusugua. Alisugua muda mrefu, hata wenzake wakaanza kutazama ziwa.

"Ni ya bunduki," akasema.

Wakamchukua. Jirani aligeuka mara moja kutafuta shati lake kwenye mchanga, wakamsukuma akaenda bila shati. Mke wake alipeleka chakula kambini kila siku, mpaka siku alipoambiwa asilete tena.

Tangu siku ile niliogopa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuogopa. Woga wa risasi naujua, unaingia na kutoka. Huu ulikaa. Nilikuwa nikisonga ugali, naona lile bega. Nikisali, naona lile bega. Mume wangu akigeuka kitandani shuka likamteleza, navuta shuka kumfunika, kana kwamba askari wako chumbani. Ugonjwa wa kijinga wa ngozi, unaowapata watoto na mbwa, ulikuwa umekaa mahali palepale ambapo mtu angepasa kuvaa bunduki.

Nikaenda kituo cha afya. Walikwisha kukipora, vitanda havikuwapo tena, lakini muganga alikuwa bado akifungua chumba kimoja. Nilisema nataka dawa ya kibarango. Hakuuliza cha nani.

"Ku bega?" akasema.

"Ndiyo, docta."

"Bibi zote za bavuta wavu bamekuya. Imebaki moja tu." Akaingia nyuma ya pazia, akarudi na tyubu ndogo amekunja kiganja. "Usafishe na sabuni, ukaushe, ukaushe kabisa, halafu upake. Asubui na magaribi. Upitishe kidogo inje ya ule muviringo. Na siku utaona kimepotea, usiache. Endelea. Kinajifichaka ndani ya ngozi."

"Itaomba wakati gani?"

"Majuma. Tatu, ine."

"Mi sina majuma ine, docta."

Alitazama mlango kabla ya kujibu. "Hakuna mwenye iko nayo," akasema. Nilimwachia ndakala nilizokuwa nazo kwenye sahani, nikatoka nimeificha ile tyubu kifuani.

Mume wangu akawa mgonjwa. Tulitangaza ni malaria, na nyumbakumi wetu akaandika malaria bila kutuangalia usoni. Asubuhi nilimwosha bega, nikalikausha kwa kitambaa changu mwenyewe, nikampaka. Jioni vilevile. Joto la Baraka mnalijua ninyi mliokaa huko, na mtu aliyefungiwa ndani akiwa na hofu anatoka jasho kuliko anayevuta wavu. Dawa ilikuwa ikielea juu ya jasho. Nikawa nampepea kwa kifuniko cha sufuria, yeye ameinama kwenye kigoda, huku nikimtukana kimoyomoyo yeye, na gunia, na mwenye wavu ambaye angeweza kununua sabuni.

Mama mkwe hakuiamini dawa ile hata kidogo. Ilikuwa nyeupe mno, laini mno, haiumi. Kwake dawa isiyouma ni mafuta ya kujipamba tu.

"Kwetu ku Fizi tunakikwangua na jani la musasa mpaka damu inatoka," alisema. "Kisha ndimu. Mutoto analia, anapona."

"Mama, ukikikwangua kitakuwa kidonda. Batakiona toka mbali."

"Na hivi hawakione?"

Tuligombana kwa sauti ya chini, ugomvi mbaya kuliko wote, kwa sababu huwezi hata kubamiza mlango. Nilimwambia kama ataweka lile jani juu ya mume wangu nitamrudisha Fizi mimi mwenyewe. Hayo si maneno ya kumwambia mama mkwe. Akatoka, akakaa kizingitini kumenya mihogo. Lakini toka siku ile akawa anakaa palepale kila nikipaka dawa, na mtu akikaribia anakohoa. Alikuwa na kikohozi kizuri sana cha uongo.

Kibarango kile kilinidhihaki. Kwanza kilipona katikati, ngozi ikarudi laini, huku ukingo ukizidi kwenda nje. Mviringo ukawa mkubwa kuliko siku ya kwanza. Niliona nimemwua mume wangu kwa dawa ya hospitali. Nililia kwa hasira, nikabonyeza tyubu kama inanidai, na yeye akaniuliza huku mgongo wake umenigeukia, "Kikoje?" Nikamwambia kiko vizuri. Hakuwa na namna ya kuona nyuma ya bega lake, kwa hiyo alilazimika kuniamini, mtu ambaye hakuniamini hata kwa pasi.

Halafu ukingo ukaanza kulala. Magamba yakaisha. Likabaki doa jeusi kidogo kuliko ngozi yake, halina mwinuko, halina ukali. Hata leo nikiingia duka la dawa na mtu akafungua tyubu ya namna ile, harufu yake inanitoa nje kabla sijanunua nilichofuata.

Siku moja mke wa jirani aliingia kuomba chumvi, akaikuta tyubu juu ya meza. Aliishika, akaigeuza, hakujua kusoma lakini aliitazama kama anayesoma.

"Kama bwana yangu angepata hii pomade," akasema.

Nilimpa chumvi. Nilikuwa nawaza hilohilo: kwamba mume wake alikwenda kwa kukosa dawa, na wangu atabaki kwa kuipata. Niliona haya kwa bahati yangu.

Kisha nyumbakumi akapita nyumba kwa nyumba. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya mtaa, wanaume wote, na wagonjwa pia. Askari walitaka majani ya kando ya barabara yakatwe ili asijifiche mtu. Akaongeza, akiangalia miguu yake, kwamba safari hii majina yatasomwa na askari wenyewe.

Asubuhi ile nilimpaka dawa nyembamba, nikaikausha, nikamvika shati. Wanaume walikwenda na panga, sisi wanawake na fagio na vidumu vya maji. Ile tyubu niliifunga kwenye pembe ya kitenge changu. Sijui nilifikiri itanisaidia nini. Labda nilitaka kuwa na shahidi, na sikuwa na mwingine.

Jua lilipokuwa kali amri ikatolewa: mashati chini. Wengine walivua haraka kama watu wanaoona joto tu. Mume wangu alifungua vifungo kimoja kimoja. Nilikuwa karibu, na kidumu changu, nikamwona yule askari mwembamba mwenye taulo akija kutoka mwisho wa mstari, akitazama bega, anapita, akitazama bega, anapita. Nilimwomba Mungu ampofushe. Hilo ndilo nililoomba, sitaki kulipamba.

Akasimama kwa mume wangu. Akaweka kidole gumba juu ya lile doa.

"Hii ni nini?"

Mume wangu alifungua mdomo, sauti haikutoka. Yule mtu wa kujipenda, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya, alisimama kifua wazi na panga mkononi. Na mimi nikajikuta nimekwisha kufika.

"Ni kibarango, shefu. Kimepona. Dawa ni hii." Fundo la kitenge lilinishinda, nikalifungua kwa meno.

Askari alichukua tyubu, akaifungua, akainusa. Akaniangalia mimi, akamwangalia mume wangu, akaniangalia mimi tena.

"We ndiye unamupakaka?"

"Ndiyo, shefu."

"Kuya."

Akaelekea nyuma ya ghala lililofungwa kando ya barabara. Nilimfuata. Wanawake wenzangu waliinamisha macho wote kwa pamoja, fagio zikaendelea kufagia palepale palipokwisha kufagiwa. Nilijua wanawake wanaopelekwa nyuma ya ukuta wanafanywa nini. Nilijua pia kwamba mume wangu ana panga mkononi na kwamba kuna bunduki zinazomtazama, na nikaomba asiinue huo mkono, vyovyote atakavyosikia.

Nyuma ya ghala askari aliegemeza bunduki ukutani. Akavua taulo. Akavua shati. Nikafumba macho.

"Paka," akasema.

Nilipofumbua, alikuwa amenigeuzia mgongo. Shingo yote, mabega yote mawili, hadi katikati ya mgongo: vibarango juu ya vibarango, vimeunganika, vimekwaruzwa kwa kucha mpaka damu. Sikuwahi kuona mtu mzima aliyeliwa hivyo. Ndiyo maana ya lile taulo. Nikabonyeza dawa kwenye kidole, na kwa mazoea tu mdomo wangu ukasema kwamba kwanza asafishe na kukausha. Akachukua taulo kujifuta.

"Si na taulo hiyo," nikasema. "Ndiyo inabeba ugonjwa."

Sijui ni nani aliyesema maneno hayo kwa mdomo wangu. Yeye alicheka, akalitupa taulo kwenye majani, akajifuta kwa shati. Nikaanza kupaka, nikipitisha kidogo nje ya ukingo kama nilivyofundishwa. Ngozi yake ilikuwa ya moto na yenye magamba, ilikuwa ileile ya mume wangu, ilikuwa ileile ya kamba nzima. Nilifika karibu na shingo, bega la kuume, na pale kidole changu kikakuta kitu kingine. Kigumu, laini, kinateleza, hakina magamba wala nywele. Kipana kama mkanda, kinashuka kuelekea mgongoni. Nikadhani ni ugonjwa wa namna nyingine, nikaongeza dawa.

"Hapo acha," akasema. "Hapo si ugonjwa. Hapo ni bunduki."

Nikatoa kidole.

"Gusa, usiogope." Akakishika kidole changu, akakirudisha mwenyewe. "Ni sugu. Kila muntu ya bunduki iko nayo. Haifanane na kibarango hata kidogo. Mi naijuaka na kidole tu, hata ukinifunga macho." Alisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mwenzake. "Bwana yako hana kitu. Ni kibarango tu. Usiogope, mama."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya ile sugu, na mimi nilikuwa nimerudi ufukweni. Niliona kile kidole gumba kikisugua bega la jirani, taratibu, muda mrefu. Nikamaliza kupaka kwa sababu sikuthubutu kutomaliza. Akavaa shati, akatia tyubu mfukoni, akachukua bunduki na kuivaa mahali pake.

"Rudi ku kazi," akasema.

Nilirudi. Mume wangu alikuwa amesimama palepale, panga limeshuka, uso umekuwa wa majivu. Nilimtikisia kichwa kwamba sikufanywa kitu. Majina yakasomwa, majani yakakatwa, watu wakarudi nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na furaha ambayo sikuweza kuingia ndani yake. Mume wangu alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu alipoanza kuugua malaria yetu ya uongo. Alimweleza mama yake jinsi askari alivyoweka kidole, akatazama, akamwacha. Mama mkwe alinijia akanishika mikono yote miwili, akaniomba radhi kwa ajili ya lile jani, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Dawa ya muzungu inajua, alisema. Mke wa jirani naye akaja, kwa kuwa habari mtaani hazina mlango. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akajifunika uso na kitenge chake akalia, akisema laiti angekuwa na akili ya kwenda kwa muganga mapema, laiti angejua, kosa ni lake. Nilikaa karibu naye, nikamshika mgongo. Nilikuwa na neno moja la kumwondolea lile kosa, nami sikuweza kulitoa, kwa sababu lilikuwa zito kuliko kosa lenyewe.

Alipoondoka, mume wangu alikuwa akipanga kwa sauti siku zake: kesho kanisa, keshokutwa wavu, na safari hii atajishonea gunia lake mwenyewe. Mimi nilianza kutoa vitu. Sufuria mbili. Blanketi. Nguo za watoto. Nikavipanga juu ya kitenge kilichotandikwa sakafuni.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Tunavuka. Tunaenda ng'ambo, Kigoma, na mtumbwi wa kwanza wenye utakubali."

"Leo? Leo ndio tukimbie?" Aliangalia mama yake, akaniangalia mimi, bado anatabasamu. "Si bameona wenyewe ni kibarango?"

"Bameona," nikamwambia. "Hata ya jirani, baliiona."